Alama Sita za Ufagio

Mwaka 2027 chama cha michezo ya vijana wa Mathare, ambacho Kenya nzima inakiita MYSA, kitatimiza miaka arobaini. Wafanyabiashara wa Butembo wanaovuka Kasindi na kupita Kampala hadi Nairobi kutafuta mali wanaijua Eastleigh kwa maduka yake. Mathare iko jirani hapo hapo, bondeni, kwenye vibanda vya mabati vinavyoteremka hadi mtoni, ila biashara haiwafikishi huko. Taasisi ikikaribia umri kama huo, watu huanza kutayarisha orodha ya makombe, na ya MYSA si fupi. Timu yake kubwa, Mathare United, iliyoundwa mwaka 1994, ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1998 na tena mwaka 2000, kisha ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Umoja wa Mataifa uliipa MYSA tuzo ya mazingira ya Global 500 mwaka 1992, mwaka wa mkutano mkuu wa Rio de Janeiro, na jina lake limewahi kupendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Heshima hizo zitajwe mara moja, halafu tuziache. Makombe huchukuliwa na timu nyingi, na tuzo hutolewa kila mwaka. Jambo ambalo MYSA ililifanya kabla ya karibu wote halionekani kubwa kwa macho: iliingiza tabia njema ndani ya sheria ya mchezo na ndani ya jedwali la ligi, mahali ambapo mtoto wa miaka kumi na miwili huangalia kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Dai langu ni kwamba karibu kila kingine ambacho chama hicho kinasifiwa kwacho kilitoka hapo.

Asili yenyewe inajulikana. Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa akifanya kazi ya ushauri wa mazingira na maendeleo mjini Nairobi, aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza kwa mpira wa mifuko ya plastiki iliyofungwa kamba, mpira ule ule unaochezwa hadi leo kwenye barabara za Bulengera kule Butembo na Mulekera kule Beni. Mchezo walikuwa nao. Walichokosa ni ratiba, mipira ya kweli na mwamuzi anayekubaliwa na pande zote mbili. Ligi ikaanzishwa mwaka 1987, na haikuchukua muda ikawekewa sharti. Mathare ya wakati ule haikuwa na gari la taka. Uchafu ulilala katikati ya nyumba, mifereji iliziba, maji yakatuama, na watoto wakaugua malaria na kuhara. Kwa hiyo kila timu ilipewa sehemu yake ya kusafisha, na kazi ikikamilika timu hupata alama sita za ligi. Ushindi wa mechi huleta alama tatu. Msomaji asipite haraka hapo. Timu iliyoshinda mechi mbili na timu iliyozibua mfereji mara moja husimama sawa kwenye jedwali, na timu yenye washambuliaji hodari wanaokwepa ufagio inaweza kuuona ubingwa ukienda kwa wenzao wenye miguu ya kawaida.

Sisi wa Kongo tuna salongo, kazi ya pamoja ya lazima, tangu enzi za Mobutu, na tunajua inavyokwenda. Wengi hutoka kwa kuogopa faini, hushika jembe mkuu wa kartie anapokaribia, na hulitua akishapita. Kazi ni ile ile na takataka ni zile zile. Kinachotofautiana ni nani anayepoteza mtu akitega. Katika salongo anayetega hulipa yeye mwenyewe, tena akikamatwa tu, na majirani hawana sababu ya kumlaumu. Mara nyingine humsifu kwa ujanja. Katika ligi ya Mathare anayetega huwanyima alama wenzake wote wa timu, nao ndio watakaomfuata mlangoni Jumamosi asubuhi. Mkubwa hahitajiki tena kusimamia, kwa kuwa usimamizi umehamia kwa wale wanaoishi na mtegaji na kucheza naye. Hiyo ndiyo nguvu ya kuweka wajibu ndani ya jedwali, na haikuhitaji polisi wala hotuba. Hotuba, kwa kweli, ndicho kitu ambacho vijana wa miji yetu hawajawahi kukikosa.

Uwanjani hoja ile ile inaonekana wazi zaidi. Sheria za soka ni kumi na saba, na ya kumi na mbili ndiyo inayoshughulikia makosa na utovu wa adabu. Ukiisoma yote utakuta adhabu tu. Kadi za njano na nyekundu zilibuniwa na mwamuzi Mwingereza, Ken Aston, baada ya mtafaruku wa Uingereza na Argentina katika Kombe la Dunia la 1966, pale nahodha Antonio Rattín alipofukuzwa akakataa kutoka. Zilianza kutumika Meksiko mwaka 1970, na zilikuwa uvumbuzi mzuri, kwa sababu rangi haihitaji mkalimani. Lakini kwa zaidi ya nusu karne mwamuzi amebeba mfukoni lugha yenye maneno mawili tu, nayo yote mawili ni ya lawama. Mtoto anayemwinua mpinzani aliyeanguka, au anayekubali kwamba mpira umetoka kwake, haandikwi popote. MYSA iliongeza kadi ya tatu, ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wengine katika mechi, na kadi hiyo huhesabiwa mahali penye maana: inaongeza nafasi ya mchezaji kupata msaada wa masomo. Italia ilikuja kujaribu kadi ya kijani katika ligi yake ya daraja la pili mwaka 2016, magazeti ya Ulaya yakaandika kana kwamba jua limechomoza mara ya kwanza. Watoto wa Mathare walikuwa wameizoea tangu zamani.

Zaidi ya kadi ya kijani, kuna sheria mbili ambazo mimi naziona kuwa bora kuliko zote. Ya kwanza inasema kwamba nahodha peke yake ndiye anayeruhusiwa kuzungumza na mwamuzi, na mwingine yeyote akifungua mdomo kulalamika anaadhibiwa. Aliyewahi kuona mechi ya mtaa ikivunjika anajua kwamba fujo haianzi kwa ngumi, huanza kwa duara: wachezaji saba wamemzunguka mwamuzi, mashabiki wanavuka mstari, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka mpira ulikuwa wa nani. Sheria ya nahodha hulivunja duara hilo kabla halijafungwa. Katika Kombe la Ulaya la 2024 nchini Ujerumani, UEFA nayo iliagiza kwamba nahodha peke yake ndiye amwendee mwamuzi kuuliza sababu ya uamuzi, na baadaye bodi ya sheria za soka duniani ikatoa mwongozo kama huo. Mabilionea wa mpira walifika pale ambapo watoto wa mabati walikuwa wametangulia. Sheria ya pili inamhusu aliyefukuzwa kwa kadi nyekundu: harudi kuichezea timu yake hadi awe amechezesha, yeye mwenyewe akiwa na filimbi, mechi kadhaa za watoto wadogo. Mtu aliyemtukana mwamuzi anawekwa katika viatu vyake, mbele ya watoto wanaolia kwamba wameonewa. Adhabu ya kukaa nje inampa mkosaji muda wa kukasirika zaidi. Adhabu ya filimbi inampa kazi, na ligi inapata mwamuzi bila kulipa senti.

Wazo la kurekebisha mwenendo kwa kurekebisha sheria halikuzaliwa Nairobi peke yake. Nchini Marekani, wazazi walipoogopa vichwa vya watoto kugongana katika mpira wao wa miguu na mikono, wengi waliwahamishia kwenye aina isiyo na kuangushana: kila mchezaji huvaa mkanda wenye vitambaa kiunoni, na mpinzani humsimamisha kwa kukichomoa kitambaa badala ya kumrukia. Mchezo huo umekubaliwa kwa Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Wangeweza kuwahubiria watoto wasiumizane. Waliona afadhali kubadilisha kinachohesabiwa kuwa kumkamata mtu.

Mwaka 1992 MYSA iliwaingiza wasichana, na hapo ndipo mtindo wake ulipopimwa na jambo gumu kuliko taka. Wazazi wengi wa Mathare walikataa. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi: binti ndiye anayechota maji, anayelea wadogo na kupika, na uwanja uko mbali na nyumbani wakati giza linapoingia. Chama kingeweza kuitisha mikutano ya kuwafunza wazazi haki za watoto, kama yafanyavyo mashirika mengi yanayopita Beni na magari yao meupe. Kilichofanyika kilikuwa cha kawaida zaidi na chenye heshima zaidi kwa hofu ya mzazi: mechi za wasichana zilipangwa mapema ili wawe wamerudi kabla ya jua kuzama. Swali la mzazi lilikuwa la saa, nalo likajibiwa kwa saa. Watafiti wa Population Council waliokwenda Mathare kuangalia mpango huo walichapisha taarifa yao mwaka 2002, na moja ya mambo waliyoyaeleza ni jinsi kuonekana kwa wasichana uwanjani, mbele ya watu wote, kulivyobadilisha namna majirani na hata ndugu zao wa kiume walivyowatazama. Mimi sishangai. Mahali ambapo uwanja ulikuwa mali ya wavulana kwa mazoea tu, ratiba iliyobandikwa ukutani yenye majina ya timu za wasichana ni tangazo lenye uzito kuliko bango.

Upande wa masomo nao ulifungwa kwa kamba hiyo hiyo. Wachezaji hukusanya alama za binafsi kwa kufundisha wadogo, kuchezesha mechi, kuongoza usafi na, tangu katikati ya miaka ya 1990, kuwaelimisha wenzao juu ya UKIMWI, uliokuwa ukiua wazazi wa Mathare bila kutajwa jina. Wenye alama nyingi hulipiwa minervali, na fedha huenda shuleni moja kwa moja. Kanuni inayotembea katika kinywa cha kila mwanachama ni kwamba ukifanya kitu, MYSA nayo itakufanyia. Usipofanya, nayo haitafanya. Kwa wanaofahamu likelemba, mchango wa kupokezana kwa zamu, hakuna la kueleza zaidi.

Pingamizi zipo, na zile nzito hazipaswi kuchukuliwa kijuujuu. Ya kwanza ni ya wacha Mungu na ya walimu: wema unaolipwa alama umenunuliwa, na mtoto anayefagia kwa ajili ya jedwali amejifunza hesabu, hakujifunza wema. Ninakubali nusu. Hakuna ligi inayoweza kuona moyoni, na huenda yule aliyepewa kadi ya kijani aliitamani kadi kuliko alivyompenda mpinzani. Lakini waliokosoa hivyo huwa hawasemi kitu juu ya kadi ya njano, ambayo nayo inanunua utulivu kwa hofu. Ikiwa si dhambi kumzuia mtoto asipige teke kwa kumtisha, basi si dhambi kumvuta kwenye uungwana kwa kumtambua. Tena tabia nyingi tulizo nazo zilianza kwa kulazimishwa au kutuzwa na zikabaki baada ya fimbo na peremende kuondoka. Mfereji uliozibuliwa, kwa upande wake, haujali nia ya aliyeuzibua; maji hupita.

Ya pili ni ya watu wa mpira wenyewe. Wanasema bingwa lazima awe aliyecheza vizuri zaidi, na jedwali lililochanganywa na ufagio limepoteza ukweli wake. Hapa ninapinga kabisa. Jedwali la ligi halijawahi kuwa kioo cha ubora. Ni maamuzi ya watu juu ya wanachotaka kukiona. Kwa karibu miaka mia ushindi ulikuwa na thamani ya alama mbili. Uingereza ilifanya ziwe tatu mwaka 1981, na Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994, kwa sababu waandalizi walichoka na timu zinazoridhika na sare. Hakuna aliyesema ukweli wa soka umekufa. Ikiwa wakubwa wanaruhusiwa kubadili thamani ya ushindi ili watazamaji wasisinzie, wakazi wa bonde lenye kipindupindu wanaruhusiwa kuibadili ili watoto wasife.

Ya tatu ndiyo inayonisumbua. MYSA ilianzishwa na mgeni, ikategemea sana wafadhili, hasa wa Norwe, na ikakua hadi kuwa na wachezaji zaidi ya 20,000, ofisi na wafanyakazi wa mshahara. Chombo kikubwa hivyo kina njaa yake. Mathare United nayo, iliyokuwa fahari ya bonde, miaka ya karibuni imeshuka daraja na kulazimika kupanda tena, ikiwa na shida za fedha ambazo kila klabu ya Kongo Mashariki inazitambua. Munro alitumia miaka mingi akipambana na wizi katika uongozi wa soka la Kenya, na mwaka 2003 klabu zenyewe ziliunda kampuni ya kuendesha ligi kuu ili kuokoa kilichobaki. Ila historia ya ligi hiyo baadaye inaonyesha kwamba watu wazima hawakukubali kwa urahisi nidhamu waliyowekewa watoto. Kwa hiyo anayesema kwamba MYSA kama shirika haiwezi kuhamishiwa Butembo ana haki. Lakini sheria ya nahodha haina bajeti. Kadi ya kijani ni kipande cha karatasi ngumu. Aliyefukuzwa anapochezesha mechi ya wadogo hakuna mfadhili anayehitajika. Kilichotumia fedha nyingi katika MYSA ndicho kilichoyumba, na kilichokuwa bure ndicho kilichodumu. Ukweli huo unapaswa kuwafariji maskini.

Mwishoni kuna jibu tunalolisikia kwetu kila mara: Mathare si Beni. Kule wana umaskini, hapa kuna panga. Tangu Oktoba 2014 wilaya ya Beni imezika watu kwa mamia mwaka baada ya mwaka, tangu Mei 2021 mkoa uko chini ya hali ya dharura, na kuzungumza juu ya adabu za mpira mbele ya wafiwa kunaweza kuonekana kama utani. Ni kweli kwamba sheria ya mchezo haizuii bunduki, na asije mtu akaahidi hivyo. Hata hivyo MYSA haikuishi katika amani. Mwaka 1999 ilipeleka mtindo wake kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, kwa vijana wa makabila yaliyokuwa yametoka kupigana. Na Mathare yenyewe iliwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani wakafukuzana kwa kabila. Mwaka uliofuata, 2008, timu ya bonde hilo, yenye wachezaji wa makabila mbalimbali, ndiyo iliyotwaa ubingwa wa nchi.

Zaidi ya hayo, Beni na Butembo zina ushahidi wao wenyewe. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, ugonjwa uliua watu zaidi ya 2,200, na sheria za kujikinga zilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Zilikuja na wageni, zikaletwa kwa magari na walinzi, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikachomwa. Wale waliopona walipoanza kuwahudumia wagonjwa na kubeba watoto wao, wengi walianza kusikiliza ujumbe ule ule waliokuwa wameukataa. Sheria haikubadilika, aliyebadilika ni mshika sheria. Kijana wa kadi nyekundu anayepewa filimbi ni somo hilo hilo katika kiwanja cha vumbi, na ninaona ni aibu kwamba tulilipa bei kubwa vile kulijifunza halafu mashindano yetu ya vijana yanaendeshwa kana kwamba hatukujifunza.

Basi ninawaomba waandalizi wa mashindano ya vakansi, wa Kimemi, Mususa, Vulamba na Bulengera, na wa komini za Beu, Bungulu, Mulekera na Rwenzori: kabla ya kumtafuta mwanasiasa wa kutoa kombe na jezi zenye picha yake, kaeni na manahodha, mwandike kanuni za msimu, na mzibandike uwanjani siku ya kwanza. Nahodha peke yake azungumze na mwamuzi. Aliyefukuzwa achezeshe wadogo. Timu isiyofika kusafisha mfereji wa kartie yake ikose alama, hata kama ina mfungaji bora wa mji. Ratiba ya wasichana iwe ya mchana, na isiwe ile inayofutwa kwanza mvua ikinyesha. Kombe litafutwe baada ya hapo.